Mlango wa Bosi

Siku lile gari lilipoingia Mpanda, mimi nilikuwa stesheni nimekuja kupokea mume. Alikuwa ametuma salamu kwa mtu wa reli kwamba mradi aliokuwa dereva wake huko Tabora umefungwa, wazungu wanarudi kwao, na yeye anarudi nyumbani moja kwa moja na mzigo. Nikafikiri mzigo ni godoro, pengine na baiskeli. Nikakodi mkokoteni na mwenye kuusukuma, tukasimama kivulini kusubiri.

Treni ilichelewa kama kawaida yake. Abiria wakashuka, kuku wakashuka, magunia yakashuka, mume wangu hayumo. Nikaanza kupandwa na hasira. Ndipo nikaona watu wanakimbilia mkiani mwa treni, nami nikaenda. Kwenye behewa la wazi kulikuwa na gari jeusi, refu, lenye nyota puani, limefungwa minyororo kama fahali mkorofi. Ndani yake, nyuma ya usukani, alikaa mume wangu na kofia yake ya udereva, vumbi mpaka kwenye kope. Treni ilishasimama na yeye bado ameshika usukani kwa mikono miwili, utadhani ndiye aliyeivuta kutoka Tabora.

"Baba watoto," nikamwambia, "hii nini?"

"Gari."

"La nani?"

"Letu."

Nilikaa chini palepale kwenye kokoto za reli. Yule wa mkokoteni akaniuliza kama bado tunamhitaji.

Bosi wake alilinunua lile gari likiwa limeshachoka, akalichosha zaidi, na siku ya kuondoka akamkabidhi dereva wake ufunguo kama shukrani. Mita ya kilomita ilikuwa imekwenda mpaka mwisho wa tarakimu zake, ikarudi kwenye sifuri, ikaanza kuhesabu upya. Mume wangu aliliona hilo kama habari njema. "Gari bado changa," alikuwa akiwaambia wageni, akiwaonyesha mita kupitia kioo, kwa sababu mlango hakuwafungulia. Nikamwambia hata mimi basi tunihesabu upya nirudi msichana. Hakucheka. Mambo ya lile gari hakuyafanyia mzaha.

Sasa, kuwa na gari la namna ile Mpanda ya miaka ile ilikuwa ni kutafuta kazi ambayo hukuitiwa. Barabara zetu zilikuwa makorongo wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na kipuri cha karibu kilikuwa mwisho wa pili wa reli, kama kipo. Mume wangu alilitunza kwa vitu vilivyokuwepo, na vilivyokuwepo vilikuwa vyangu. Oili chafu aliimwaga, akaichuja kwa kanga yangu, akairudisha. Chujio la dizeli aliliosha kwa mafuta ya taa na kulianika kwenye kamba katikati ya nguo za watoto. Tangi lilipotoboka alilikandika kwa sabuni yangu ya mche, na mimi nikafua na majivu. Raba za miguuni mwa gari zilipokwisha alimwendea fundi wa katambuga pale sokoni, akachongewa nyingine kutoka tairi la lori. Gari likawa linatembea juu ya raba zile zile tulizovaa sisi miguuni, na kusema kweli lilitembea vizuri kuliko sisi.

Kutembea kwenyewe kulikuwa Jumapili, mpaka kanisani na kurudi, yeye peke yake. Sisi tulikwenda kwa miguu. Alituwahi, akaegesha, akasimama pembeni na kitambaa cha kufutia, na sisi tulipopita aliitikia salamu yetu kama mtu aliyeko kazini. Watu wakadhani tumegombana. Nilipomuuliza kwa nini watoto wake wanakula vumbi lake, alinijibu kwamba gari la umri ule halibebeshwi mizigo ovyo. Mizigo ndiyo mimi na watoto. Nilikaa wiki nzima simpikii ugali wa moto.

Lakini ilikuwepo sababu nyingine, na niliijua ingawa yeye hakuisema mpaka nilipomkaba. Kiti cha nyuma alikifunika nailoni, na mlango wa nyuma wa kushoto haukuruhusiwa kuguswa hata na nzi. Ule ndio mlango wa bosi. Dereva hukaa kulia mbele, mheshimiwa hukaa kushoto nyuma, na maisha yake yote mume wangu alikuwa mtu wa kushuka, kuzunguka kwa haraka bila kukimbia, kuvua kofia, kufungua ule mlango na kusimama wima mpaka mwenye nacho aingie. Alimfungulia bosi, akamfungulia mke wa bosi na mabinti wa bosi na rafiki zao wa shule. Mabinti wale, aliniambia, walikuwa wakiingia bila kumtazama, na hakuwalaumu, maana hata yeye hamtazami mtu anayemfungulia geti.

"Nataka siku moja niufungue kwa mtu wangu," akasema. "Wa kwanza kuingia humo awe binti yetu, siku yake ya harusi. Kabla ya hapo haingii mtu."

Binti yetu wa kwanza alikuwa bado anacheza rede. Nikafikiri ni maneno tu ya mtu aliyestaafu. Kumbe alikuwa anasema kweli, na kuanzia hapo kila tone la oili, kila kipande cha raba, kilikuwa kinasubiri siku hiyo. Gari lilizeeka na binti akakua, na mume wangu alikuwa katikati akiwaangalia wote wawili kwa wasiwasi.

Binti alipopata mchumba, mchumba akawa kijana wa Kisukuma wa Magamba, watu waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Familia nzuri, yenye heshima na maziwa. Baba yake, mkwe wetu mfugaji, alipokuja kwenye mazungumzo alilizunguka lile gari mara kadhaa, akalipiga kofi mgongoni kama anavyopima ng'ombe mnadani.

"Hii imezeeka, mkwe," akasema. "Siku hiyo ikilala njiani, nyie msipate shida. Mikokoteni yangu ipo."

Alisema kwa wema kabisa. Mimi nilikuwa namkaribisha uji na niliona uso wa mume wangu. Mkwe alipoondoka, yule bwana aliingia chini ya gari na hakutoka mpaka chakula kilipopoa. Nikamsikia akiongea peke yake huko chini kwamba binti yake hataingia kwa padri akiwa juu ya mkokoteni kama gunia la mpunga.

Adui aliyebaki alikuwa kutu. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, lakini milango ilikuwa inaliwa kwa ndani. Ukiugonga ule mlango wa bosi kwa kidole, vumbi jekundu lilidondoka kwenye vitobo vya chini, vile vya kutolea maji ya mvua. Mume wangu aliugonga kila asubuhi, akaokota lile vumbi kwenye kiganja, akalitazama kama daktari.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya biashara ya nta. Warina asali walitoka porini na masega, mimi nikayachemsha, nikayakamua kwenye gunia, nta ikaelea, ikaganda, ikapanda treni. Asubuhi moja nikakuta sufuria yangu kubwa iko jikoni kwake, yaani kwenye mafiga matatu nyuma ya gari, na ndani yake nta yangu safi inachemka pamoja na oili chafu ya injini.

"Inazuia maji," akanieleza bila kugeuka. "Kutu bila maji haiendi popote. Nitaimwaga ndani ya milango, ishike pembe zote."

Na kweli aliimwaga. Kwa siku kadhaa alifungua makava ya ndani, akamimina nta ya moto ndani, mlango baada ya mlango. Ile yenye oili ilipokwisha, mlango wa bosi ulikuwa bado, na ule hakutaka kuutilia uchafu. Akauwekea nta tupu, ya manjano, iliyobaki na utamu wake, akaipaka tabaka juu ya tabaka kwa brashi ya rangi. Gari zima likanukia asali. Watu waliopita njiani waligeuka kunusa. Kutu ilikoma kudondoka, na mume wangu akawa na furaha kiasi cha kuninunulia sufuria nyingine.

Nataka mnielewe sisi ni watu gani. Mume wangu alizaliwa Mkonongo, mtoto wa mtu wa mizinga. Alipanda miti na baba yake kabla hajajua kuendesha hata baiskeli. Mimi nilikuwa nashinda na nta mikononi. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba ukitundika mzinga mpya wa gome unaupaka nta kwa ndani, nyuki wanaopita wasikie harufu, waone pana giza, pana kitundu cha kuingilia, wahamie. Hata mtoto anajua. Na hakuna mmoja wetu, wala majirani, wala wale warina asali walioketi kwenye ua wangu wakinusa lile gari na kulisifu, aliyefungua mdomo kusema chochote. Mpaka leo nikikumbuka hapo nashika kichwa.

Harusi ilipangwa kanisani Magamba, Jumamosi ya mwezi wa tisa, wakati miyombo inachipua majani mekundu na joto linaanza kuuma. Alhamisi mume wangu aliliosha gari mpaka unajiona uso kwenye mlango. Akalifunika turubai, akazuia watu wote wasilisogelee, akatoa ile nailoni kwenye kiti cha nyuma, akaikunja na kunikabidhi kana kwamba ananipa kitu cha thamani. Ijumaa mchana, ua umejaa akina mama wanaochambua mchele, kundi la nyuki likapita juu yetu. Tukalala chini kifudifudi kama inavyotakiwa, na mume wangu akalala karibu yangu, shavu kwenye vumbi.

"Wanatafuta nyumba," akaninong'oneza.

Mngurumo ulizunguka kidogo, ukapungua, ukaisha. Tukainuka, tukajikung'uta, tukarudi kwenye mchele. Tulidhani wamekwenda zao.

Jumamosi asubuhi binti yetu alikuwa ndani anavalishwa. Mkokoteni wa mkwe ulishafika, ng'ombe wawili weupe wenye vitambaa vyekundu kwenye pembe, umekuja kubeba masufuria na waimbaji, si bibi harusi. Mshenga alishuka akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamwitikia. Mume wangu alitoka na suti aliyoachiwa na bosi na ile kofia ya udereva. Watu wakasogea. Akashika ncha ya turubai, akalivuta taratibu, na watu wakashangilia, maana jua lilipiga lile gari likawaka.

Kisha wa mbele wakarudi nyuma.

Chini ya mlango wa bosi, kwenye kitobo kimoja, nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Si wachache waliopotea. Walikuwa wanafanya zamu, wengine wanatua na chavua miguuni, wengine wamesimama mlangoni wanapunga mabawa. Watu wenye nyumba yao. Mume wangu aliinama, akaweka sikio karibu na bati, na hata mimi niliyesimama kando nilisikia ule mlango ukivuma kwa ndani, mzito, umejaa.

Nilimtazama mume wangu nikaona amejua yote kwa mara moja, nta na mzinga na ile Ijumaa tulipolala kifudifudi, na kwamba mlango aliouwekea nta safi kuliko yote ndio waliouchagua.

Mmoja wa warina asali alikuwa wa kwanza kusema. "Leteni moshi, tuwatoe haraka."

"Wakitoka kwa hasira watawapata watu wote hawa," mwingine akasema. "Na ukiwasha injini ni hivyo hivyo. Ile dizeli itawatikisa."

"Basi wachomwe humohumo. Petroli kidogo kwenye kitobo."

Mume wangu akanyanyua mkono. "Hapana," akasema. "Baba yangu hakuchoma nyuki waliokuja wenyewe nyumbani. Wageni wa namna hiyo hawafukuzwi. Tena siku ya harusi?"

Alikuwa amekaa zaidi ya miaka sita akilishikilia lile gari lisife kabla ya asubuhi ile, na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyekataza lisiwashwe. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Nilitaka mtu yeyote aniambie ni mkosi au ni baraka ili nijue nishike kipi.

Binti yetu akatoka. Mtu alikuwa amekimbilia ndani kumweleza, maana alikuja ameshika gauni kwa mikono yote, shela imekaa upande. Alilitazama gari, akaiangalia ile njia ya nyuki, akamwangalia baba yake. Alijua kuhusu ule mlango. Nilishamwambia, ingawa baba yake alidhani ni siri.

"Baba," akasema, "waache. Mimi nitapanda huu wa ng'ombe."

Mshenga akainamisha macho. Waimbaji wa upande wa mkwe, ambao nilikuwa nawasubiri wacheke ili niwaonyeshe, hakucheka hata mmoja. Walianza kuteremsha masufuria yaliyokwisha kupakiwa, wakafuta mbao kwa kanga zao.

Mume wangu alibaki amesimama kando ya gari, mgongo umempinda. Nilidhani ndiyo basi, ataingia ndani ajifungie. Akavua ile kofia, akaitazama, akaivaa tena vizuri. Kisha akatembea. Alitembea kuuzunguka mkokoteni kutoka nyuma, kwa haraka bila kukimbia, akapita mbele ya wale ng'ombe na kutokea upande wa kushoto. Akatoa leso yake nyeupe, akafuta ubao ambao ulishafutwa. Ule mkokoteni ulikuwa na kibao cha pembeni kilichofungwa kwa kamba, kinachozuia mizigo isianguke. Akafungua kamba, akakishusha kile kibao, akavua kofia, akaiweka kifuani, akasimama wima kama askari.

"Karibu, mheshimiwa," akasema.

Binti yetu hakuingia moja kwa moja. Alisimama mbele yake akamtazama usoni, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akampa mkono, akapanda. Baba yake akakusanya gauni lililoning'inia, akaliweka ndani kwa uangalifu mkubwa, pindo kwa pindo, ili lisibanwe. Wanawake walilia, mshenga akalia, na mimi nilikuwa najifanya natafuta kiatu.

Nikasubiri akifunge kile kibao. Wazazi tungefuata kwa miguu na watu wengine, Magamba si mbali, na mimi kwa miguu nimeshazoea. Lakini hakukifunga. Aliendelea kusimama na kofia kifuani, macho mbele. Ng'ombe wakapiga kwato. Nikadhani amesahau, au akili imemruka kwa yale yaliyompata.

"Funga basi," nikamwambia. "Padri anasubiri."

"Bado mmoja," akasema.

Sikuelewa. Niligeuka kutazama nyuma yangu ni nani huyo anayesubiriwa. Hapakuwa na mtu nyuma yangu. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, na binti yangu kule juu alikuwa ameshajisogeza kuacha nafasi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka stesheni, na kuliko nilivyoshtuka kwa nyuki. Nilikuwa nimezaa na yule bwana, nimezika na yule bwana, nimefua na majivu kwa ajili ya gari lake, na hata siku moja haikuniingia akilini kwamba mtu wake anaweza kuwa mimi.

"Acha upuuzi," nikamwambia, maana ndilo neno nililolipata. Akanishika kiwiko, nikapanda.

Nyuki wale walikaa. Mume wangu hakuliwasha tena lile gari, na msimu wa kurina ulipofika warina asali walifungua kava la ndani kwa moshi kidogo, wakatoa masega marefu yaliyofuata umbo la mlango mpaka kwenye tundu la kitasa. Ndoo ya kwanza ilikwenda Magamba kwa binti. Jumapili aliendelea kuliosha, upande wa kushoto akaupitia kwa mbali, kwa maji ya kunyunyizia, akiwaomba radhi wenyewe. Mita ilibaki palepale ilipokuwa, chini kabisa, na wageni walioitazama kupitia kioo waliambiwa bado gari changa. Kanisani tulikwenda kwa miguu, wote, yeye akiwa upande wangu wa kulia.